Mto wa Eastlands Umeandikwa Ndani ya Tumbawe la Malindi

Maji yanayopita nyuma ya soko la Gikomba, yakaenda Shauri Moyo, yakateremka Kariobangi na kulamba ukingo wa jaa la Dandora, hayaishii Dandora. Watu wengi wa mitaa hii ninamoishi wauchukulia mto Nairobi kama mtaro mkubwa wa kubebea taka, na taka ikishapita mlangoni pako si yako tena. Sisi wa Pwani tulioko Eastlands, na tuko wengi kuanzia Majengo ya Pumwani hadi Umoja na Kayole, tuna sababu ya kuutazama vingine. Mto huo waingia Athi. Athi waporomoka Fourteen Falls karibu na Thika, wapita Ukambani, waingia Tsavo, na baada ya kukutana na mto Tsavo waitwa Galana. Ukikaribia bahari waitwa Sabaki, na hapo kaskazini mwa mji wa Malindi, kabla hujafika Mambrui, ndipo unapomwaga kila ulichobeba njiani. Majina manne, maji yale yale.

Na kuna aliyekuwa akiandika kila kilichofika. Si mtu. Ni tumbawe.

Nataka leo kumzungumzia Dkt. Nyawira Muthiga, mwanabiolojia wa bahari ambaye kwa zaidi ya miaka 30 amekuwa akiichunguza miamba ya Pwani yetu. Si jina utakalolisikia kwenye mikutano ya siasa, wala sidhani vijana wengi wa barazani kwetu walijua. Jina lenyewe ni la bara, na kazi yake kubwa iko Pwani. Mimi nimekwenda kinyume chake: nimezaliwa Pwani na Nairobi ndiyo inayonilisha. Niseme mapema kwamba si mwanasayansi. Nina diploma ya uandishi wa habari na tabia ya kurudia kusoma jambo gumu mpaka linikae kichwani. Haya ninayoyaandika ndiyo yaliyokaa.

Kwanza tuelewane kuhusu tumbawe lenyewe. Sisi tumelizoea kama jiwe. Nyumba za Mji wa Kale Mombasa na za Lamu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa yake imetokana na matumbawe yaliyochomwa, na kuta za Fort Jesus ni hayo hayo. Lakini tumbawe lililo hai baharini ni mnyama, au tuseme ni maelfu ya wanyama wadogo, laini, walioshikana. Kila mmoja hujijengea chumba cha chokaa chini yake. Kikijaa, hujiinua na kujenga kingine juu. Wale mnaozijua ghorofa za Pipeline kule Embakasi mtanielewa: fikirieni jengo ambalo wapangaji wote wanakaa orofa ya juu kabisa, na kila mwaka wanaongeza orofa moja na kuhamia huko, huku zote za chini wameziacha tupu. Jengo ni kubwa, lakini uhai uko kwenye ngozi ya juu tu.

Mna aina moja ambayo wataalamu huiita Porites. Hukua kama jabali la mviringo, kiasi cha sentimita moja hivi kwa mwaka, na yaweza kuishi karne na karne. Kila mwaka huacha pete yake, kama mti. Ukitoboa jabali hilo kwa drili na kutoa kipande kirefu kama muwa, ukakipiga picha ya eksirei, waziona pete zimepangana. Wahesabu kurudi nyuma mwaka baada ya mwaka.

Hilo ndilo walilolifanya Malindi. Mwaka 2000 jarida la Science lilichapisha utafiti wa tumbawe moja la Malindi lenye kumbukumbu ya miaka 194 ya joto la bahari. Waandishi walikuwa wanne, na mmoja wao ni Nyawira Muthiga. Joto walilisoma kutokana na aina za oksijeni zilizofungika ndani ya chokaa, kwa sababu zile aina nzito na nyepesi hubadilisha uwiano wao kadiri maji yanavyopata moto. Wakagundua kwamba bahari yetu ya Malindi imekuwa ikipanda na kushuka joto kwa mpango mmoja na bahari ya Pasifiki, ile ya El Niño, tangu mwanzoni mwa karne ya 19. Hapakuwa na kipimajoto cha mtu yeyote Malindi wakati huo. Tumbawe ndilo lililopima.

Mwaka 2007 likatoka jambo jingine, na hili ndilo linalotuhusu sisi wa Eastlands. Timu nyingine ya watafiti ilitafuta ndani ya matumbawe ya Malindi madini yanayoitwa bariumu. Bariumu hushikamana na udongo. Mto unapoubeba udongo mpaka baharini, chumvi ya bahari huibandua ile bariumu, ikaelea majini, na tumbawe likijenga chumba chake huichanganya kidogo na chokaa. Kwa hiyo pete yenye bariumu nyingi ni mwaka ambao mto ulishusha udongo mwingi. Walirudi nyuma miaka 300 hivi. Kutoka 1700 mpaka 1900 mstari karibu umelala. Kuanzia 1900 waanza kupanda, na haukurudi chini tena.

Msomaji anayejua historia hana haja ya kuelezwa zaidi. Reli ilifika Nairobi 1899. Baada yake walikuja walowezi, misitu ikafyekwa, mashamba yakalimwa kwenye miteremko, na Wakamba wakabanwa kwenye ardhi isiyowatosha wao na mifugo yao, mpaka 1938 serikali ya mkoloni ilipoanza kuwanyang'anya ng'ombe kwa kisingizio cha mmomonyoko, na wao wakaandamana hadi Nairobi. Yote hayo wanahistoria wameyatoa kwenye mafaili. Tumbawe la Malindi limeyaandika bila kuulizwa, na halina upande.

Kilele chake ni kati ya 1974 na 1980. Miaka hiyo udongo uliofika Malindi ulikuwa mara tano hadi mara kumi ya kawaida yake ya asili. Watafiti walitaja sababu: watu kuongezeka kwa kasi, ardhi kutumiwa ovyo, misitu kukatwa, na ukame mkali wa mwanzoni mwa miaka ya 70 ulioiacha ardhi kipara mvua ziliporudi. Miaka hiyo hiyo ndiyo Buruburu ilikuwa ikijengwa, Umoja na Dandora pia. Sisemi kwamba udongo wa Malindi ni wa misingi ya Buruburu. Sehemu kubwa ni ya mashamba. Nasema nyumba tunazoishi na pete ile ya tumbawe ni za kizazi kimoja, na mto uliopita kati yake ni mmoja.

Mvuvi wa Malindi hakuhitaji bariumu kuujua mto huu. Yuwajua kwamba kaskazi ikivuma, maji mekundu ya Sabaki husukumwa kusini kuelekea mjini na kwenye mwamba wa hifadhi, na kusi ikishika, hugeuka na kwenda upande wa Mambrui. Hajui lakini, na hakuna ambaye angejua kwa macho, kwamba hali ya leo si ya asili. Mtu aliyezaliwa 1960 amezaliwa maji yakiwa tayari mekundu. Hapo ndipo nionapo faida ya mwanasayansi: kutuonyesha lile ambalo hata mzee wetu mkongwe hakulikuta.

Sasa turudi kwa Nyawira, maana pete za Malindi ni kipande kimoja tu cha kazi yake, na si hapo alipoanzia. Alianzia kwa fuma. Wale wenzetu wa bara wasiomjua, fuma ni yule mdudu wa baharini wa mviringo aliyejaa miiba, ambaye ukimkanyaga utamkumbuka. Wako wa aina nyingi. Aliyemshughulisha Nyawira ni mdogo, wa miiba mifupi, anayejichimbia vitundu kwenye mwamba na kuukwangua ili apate chakula. Akiwa mmoja hana madhara. Wakiwa wengi husaga mwamba kuliko unavyojijenga.

Katika miaka ya 80, yeye na mwenzake Tim McClanahan, mtafiti kutoka Marekani aliyefanya makazi kwetu, walilinganisha miamba inayolindwa, kama ya Malindi na Watamu, ambayo ni hifadhi tangu 1968, na miamba inayovuliwa kama wa Diani. Penye uvuvi mkubwa fuma walikuwa wamejaa, na matumbawe na samaki ni wachache. Penye ulinzi fuma walikuwa haba. Utafiti huo ulichapishwa 1988. Sababu ni nini? Hapo walifanya jambo ambalo hunifurahisha kila nikilifikiria kwa wepesi wake. Waliwachukua fuma, wakawafunga kwa uzi, wakawaacha mwambani, kisha wakarudi kuhesabu nani kaliwa na nani kabaki. Kwenye hifadhi waliliwa upesi. Kwenye miamba iliyovuliwa sana walibaki na nyuzi zao. Mlaji mkuu alikuwa kikande, samaki mwenye meno magumu ambaye humpindua fuma na kumpasua. Kikande huyo huyo ni mjinga wa ndoana na mpole wa kuingia mtegoni. Ni katika wa mwanzo kwisha pahali panapovuliwa.

Basi mnyororo ni huu: tukimla kikande, fuma huzaana, fuma wakizaana, mwamba husagika, mwamba ukisagika, changu, tasi na pono hawana pa kujificha wala pa kula. Mvuvi aliyemtoa kikande wa mwisho hakuona alichokitoa. Nyawira aliendelea na fuma huyo mpaka shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Nairobi, 1996, akichunguza namna anavyozaa na namna wingi wake unavyopanda na kushuka. Msomaji huenda akacheka: miaka yote hiyo mtu anasomea fuma? Ndiyo. Daktari wa moyo naye anasomea moyo.

Baadaye alifanya kazi na shirika la wanyamapori la KWS, kisha akaongoza kazi za bahari za shirika la Wildlife Conservation Society hapa Kenya. Amekuwa mwenyekiti wa kamati ya kitaifa ya kulinda kasa, na rais wa WIOMSA, chama cha wanasayansi wa bahari wa Magharibi ya Bahari Hindi chenye makao yake Zanzibar. Vyeo navitaja upesi maana havinishughulishi sana. Kinachonishughulisha ni kwamba alikuwapo, na vipimo vya miaka iliyotangulia vilikuwapo, mwaka 1998 ulipofika.

Mwaka huo El Niño ilileta joto ambalo bahari yetu haikulizoea. Tumbawe huishi kwa ushirika: ndani ya mwili wake mna mwani mdogo mno usioonekana kwa jicho, nao ndio humpikia sehemu kubwa ya chakula kwa nguvu ya jua, na ndio humpa rangi. Maji yakizidi joto kwa nyuzi moja tu au mbili, yakakaa hivyo majuma kadhaa, ushirika huvunjika na mwani hutoka. Tumbawe hubaki jeupe kama sanda. Halijafa bado, lakini lina njaa. Joto likiondoka mapema hupona, likikawia hufa. Mwaka 1998 lilikawia. Katika miamba mingi ya Kenya walikufa kati ya asilimia 50 na 90 ya matumbawe, tena ndani ya hifadhi pia. Bendera ya KWS haizuii maji ya moto.

Kwa kuwa watafiti walikuwa wakihesabu miaka mingi kabla, iliwezekana kujua kilichopotea ni kiasi gani, na baadaye kujua kilichorudi. Pengine kimerudi vizuri, pengine kidogo, na aina zilizorudi si lazima ziwe zile zilizokwenda. Mwaka uliofuata, 1999, ukazaliwa mradi wa CORDIO wa kufuatilia uharibifu huo katika Bahari Hindi, na huku kwetu umeongozwa na David Obura, Mkenya. Mwaka 2021 yeye na wenzake walichapisha tathmini ya miamba ya ukanda huu wote wa Magharibi ya Bahari Hindi wakasema kwamba yote, bila kubakiza, imo hatarini kuporomoka ndani ya miaka 50, kwa joto na kwa uvuvi wa kupita kiasi. Mwaka 2023 Obura alichaguliwa kuongoza IPBES, jopo la kimataifa linaloshauri serikali za dunia juu ya viumbe hai. Mwanafunzi wa Kenya anayeambiwa kwamba sayansi ya bahari haina kazi, aambiwe na hilo.

Halafu ikaja Aprili 2024. Hapa Nairobi mvua zilifurisha mto Mathare, watu wakafa, nyumba zilizokuwa ukingoni zikaenda, na nyingine zikabomolewa na serikali baadaye. Mwezi huo huo wanasayansi walitangaza kwamba dunia imo katika kupauka kwa matumbawe kwa mara ya nne kwa kiwango cha dunia nzima, na miamba ya Pwani yetu haikuachwa. Juu ya mto watu walikuwa wanasombwa na matope. Chini ya mto matumbawe yalikuwa yanapauka, na matope yale yale yalikuwa njiani kuyafikia. Lile la joto halina dawa ya Malindi peke yake, ni la dunia. Lakini tumbawe lililochoka kwa joto halihitaji tena kufukiwa kwa udongo. Udongo ni wa kwetu. Huo twaweza kuuzuia.

Wala si samaki peke yake. Maji wanayokunywa watu wa Malindi, Kilifi na sehemu kubwa ya Mombasa hutoka Baricho, kwenye visima vilivyochimbwa kandokando ya Sabaki. Shangazi yako aliyeko Kisauni anywa kutoka ukingo wa mto unaoanzia huku.

Nikija kwenye elimu, nina sifa na nina lawama. Sifa ni kwamba kikundi cha Nyawira na wenzake hakikuyafungia matokeo kabatini. Shirika lao limekuwa likifanya mkutano na wavuvi kila mwaka, ambako takwimu za samaki wa kila bandari huwekwa mezani na wavuvi, viongozi wa BMU na maafisa wa serikali huzibishania. Ubishi huo ulizaa vitu. Lile lema tunalolijua, la kusukwa, lilifanyiwa majaribio ya kuachiwa mwanya mwembamba wa sentimita 3 hivi, ili samaki mtoto atoke na mkubwa abaki. Ilionekana kwamba samaki wanaopatikana ni wakubwa zaidi na kipato hakishuki, bali hupanda. Fundi yeyote wa lema aweza kuufanya. Na vijiji navyo vikaanza kutenga vipande vya bahari visivuliwe, vile tunavyoviita tengefu. Kuruwitu, kule Kilifi, walianza zaidi ya miaka 15 iliyopita kwa uamuzi wa wenyewe, na mwaka 2017 walipata tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika jambo hili la miamba naona mgeni alikuja na mwenyeji akashika jembe mwenyewe.

Lawama yangu ni ya lugha na ya mahali. Karatasi zote nilizozitaja zimeandikwa kwa Kiingereza, katika majarida ambayo mengi ni ya kulipia. Majina ya samaki ambayo mvuvi wa Vanga anayo kichwani kwa mamia hayamo katika vitabu vya sayansi vya shule. Na mahali: tumeifanya elimu ya matumbawe kuwa somo la watoto wa ufukweni peke yao, kana kwamba mwamba unaharibiwa na wanaouona tu. Mtoto wa Kariobangi Kusini yuko karibu zaidi na chanzo cha tope kuliko mtoto wa Mambrui. Yeye ndiye wa kuambiwa habari ya ule muwa wa chokaa.

Tena nafasi twayo na twaipoteza. Tangu treni ya SGR ianze 2017, shule nyingi za Nairobi huleta watoto Mombasa. Nimewaona stesheni ya Syokimau, wamebeba vikapu na furaha. Wapelekwa Fort Jesus, wapelekwa Haller Park, kisha wapelekwa ufukweni kupanda ngamia. Fort Jesus ni matumbawe. Haller Park ni shimo la machimbo ambalo kiwanda cha Bamburi kilichimba mawe ya matumbawe ya kale tangu 1954 kutengeneza simenti, na simenti hiyo imekuja hadi Nairobi. Kule ufukweni mwamba hai uko mbele yao, mita mia chache. Watoto hao wameshinda siku nzima ndani ya somo la matumbawe na wamerudi Donholm wakiwa na picha ya ngamia. Mwalimu hana kosa. Hakuna aliyempa karatasi moja ya Kiswahili ya kusoma mbele ya ule ukuta.

Jumamosi mimi huwasomesha watoto Kiswahili baada ya madrasa, hapa mtaani. Miezi michache iliyopita niliwapa kazi ya kuufuata mto Nairobi kwa kidole kwenye ramani mpaka ufike mwisho. Binti mmoja wa darasa la nane alipofika Malindi aliniuliza kama samaki wa huko huwaona takataka zetu. Nikawaeleza habari ya tumbawe na pete zake. Juma lililofuata akaja na swali jingine: asomee nini ili afanye kazi hiyo?

Nikamwambia biolojia, kemia na hesabu, asiziachie. Vyuo viko: Pwani kule Kilifi na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa vyafundisha mambo ya bahari, na taasisi ya KMFRI iko Mombasa tangu 1979. Nikaongeza kwamba itambidi ajue kuogelea na siku moja kuzamia, kwa sababu mwamba hausomwi kutoka ofisini.

Hapo ndipo mamake, mwanamke wa Kizingitini aliyeolewa Nairobi, alipoingia katika mazungumzo. Aliniuliza swali ambalo wazazi wengi wetu wanalo na hawalisemi: na huko majini mtoto wangu wa kike atavaa nini? Sikuliona swali la kuchekwa. Nilimwambia kwamba vazi la kuzamia lafunika kutoka shingoni hadi miguuni, na anayeliona linabana huvaa la kupwaya juu yake. Nikamwambia kwamba Nungwi, Zanzibar, wasichana wamefundishwa kuogelea wakiwa wamejisitiri mwili mzima, tena na walimu wa kike. Nikamtajia Dkt. Narriman Jiddawi, Mzanzibari, aliyefanya kazi miaka mingi katika Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyoko Unguja, na aliyekwenda Fumba na Bweleo kufanya kazi na akina mama wanaookota chaza, mpaka wakawa wanatengeneza mapambo ya lulu. Yule ni mmoja wetu, nikamwambia.

Hakusema ndiyo wala la. Aliuliza bwawa la kuogelea lililo karibu na Umoja liko wapi, kama lina siku ya wanawake peke yao, na kiingilio ni pesa ngapi. Bwawa najua lilipo na bei naijua. Siku ya wanawake ndiyo ninayoitafuta mpaka sasa, na msomaji wa Eastlands anayeijua naomba anijulishe.